Kinga kwa Kipimo: Kushona Mfuko wa Kompyuta Mpakato Nyumbani



Mliniomba nizungumze juu ya kazi ya mikono katika zama za kompyuta. Nimechagua kitu kimoja ambacho kila aliyeketi hapa anaweza kukitengeneza kabla ya wiki kwisha: mfuko wa kukinga kompyuta mpakato, ulioshonwa nyumbani, kwa kitambaa na sponji ambavyo mara nyingi vimo nyumbani tayari.

Katika nyumba nyingi za kwetu mpakato hununuliwa kwa fedha za upatu, au kwa mkopo, au kwa mbuzi waliouzwa ili mtoto aende chuoni na kifaa chake. Ndani yake mna tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka, picha za harusi. Kisha kifaa hicho hutumbukizwa kwenye begi la mgongoni pamoja na chupa ya maji, funguo na chaja, kikapandishwa daladala saa ya msongamano au kikafungwa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya makorongo. Safari nzima hakina ulinzi ila zipu ya begi.

Dai langu leo ni hili: kinga nzuri huzaliwa na kipimo. Mfuko unaokinga ni ule uliokatwa kwa vipimo vya kifaa chenyewe na kwa hatari za safari yake, na hakuna aliye karibu na vipimo hivyo kuliko mwenye kifaa. Mfuko wa dukani hukatwa kwa ajili ya mpakato yoyote ya inchi 14 au 15. Lakini inchi hizo ni urefu wa skrini kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Hazituambii unene wa kifaa wala upana wa fremu inayozunguka skrini. Mpakato mbili za inchi 14, moja ya zamani na moja ya juzi, huweza kutofautiana sana kwa unene. Moja itabana hadi mshono upasuke, nyingine itachezacheza ndani na kujigonga kila hatua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mfuko uliokatwa kwa kipimo cha kifaa kingine nao haukingi pembe.

Nitaanza na adui, kisha tabaka, kisha hesabu ya mkasi, kisha mshono wenyewe. Mwisho nitasema neno kuhusu shule zetu.

Adui wanne

Adui wa kwanza ni kuanguka. Mpakato yenye uzito wa kilo 1.5 ikianguka kutoka juu ya meza ya sentimita 75 hufika sakafuni kwa mwendo wa karibu mita 3.8 kwa sekunde. Mwendo huo lazima uishe. Swali la fundi ni: uishe katika umbali gani? Sakafu ya saruji haibonyei. Ikiwa kifaa kitasimama ndani ya milimita 1 tu, kwa plastiki yake kujikunja, nguvu itakayokipiga itakuwa wastani wa mara 750 ya uzito wake. Kikisimama ndani ya sponji iliyobonyea milimita 7, nguvu hiyo hushuka hadi kidogo zaidi ya mara 100. Uzito ni uleule na sakafu ni ileile. Kilichobadilika ni zile milimita chache za kusimamia. Kazi ya sponji ni hiyo tu, kununua umbali.

Hapa ndipo pembe inapoingia. Mpakato ikianguka bapa, uzito wake hutua juu ya sponji yote. Ikianguka kwa pembe, na mara nyingi ndivyo liangukavyo begi lililoponyoka begani, uzito wote hutua juu ya eneo dogo kama sarafu. Sponji iliyotosha upande mzima haitoshi tena. Hubonyezwa hadi mwisho na pembe hukutana na saruji. Kwa hiyo mfuko ulio mnene katikati na mwembamba pembeni umelinda mahali pasipo na hatari kubwa. Weka sponji mara mbili kwenye pembe zote nne.

Adui wa pili ni kukandamizwa. Skrini hupasuka pia bila kuanguka. Chaja iliyolazwa juu ya kifuniko, ndani ya begi lililojaa, ndani ya daladala iliyojaa, husukuma sehemu moja ya kioo chembamba. Sponji peke yake haimshindi adui huyu, kwa kuwa hubonyea palepale inapobonyezwa. Anayemshinda ni kitu kigumu na bapa kinachosambaza msukumo katika eneo kubwa: kipande cha kadibodi nene, au plastiki iliyokatwa kutoka jalada gumu la faili.

Adui wa tatu ni maji. Masika hushuka Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na jasho la mgongo halina msimu. Adui wa nne ni vumbi na mikwaruzo: mchanga unaoingia kwenye tundu za chaja na kibodi, meno ya zipu ya chuma, funguo.

Adui wanne hawa hawashindwi na kitambaa kimoja. Kila mmoja anahitaji tabaka lake.

Tabaka na kazi zake

Tuanze ndani, mahali kitambaa kinapogusana na kifaa. Hapo weka bitana ya pamba laini. Merikani inafaa mno. Kitambaa hiki kina historia ndefu nasi: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikishusha Unguja kwa merikebu zao za biashara, na kutoka Unguja kikasafiri na misafara hadi bara, ambako kilitumika hata kama fedha. Ni pamba iliyofumwa wazi, bila madoido, na kila inapofuliwa huzidi kulainika. Ifue kabla ya kuikata, maana pamba mpya hurudi. Ukishona kwanza na kufua baadaye, mfuko utabana kifaa.

Nyuma ya bitana, upande utakaotazamana na kifuniko cha skrini, weka lile jalada gumu. Likate liwe na ukubwa wa kifaa au dogo kwa milimita chache, na zungusha pembe zake kwa mkasi zisije zikatoboa bitana.

Kisha sponji. Iliyo karibu na wengi ni sponji ya godoro, inayotokana na poliyurethani, kemikali iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937. Ni nyepesi na ni rahisi kukata. Ina kasoro mbili. Kwanza, vitundu vyake vimefunguka na kuunganika, kwa hiyo hunywa maji na kuyashika. Pili, inapozeeka hugeuka njano na kupukutika unga, na unga huo utaingia kwenye kibodi. Ijaribu kwa vidole: ibonyeze kwa dole gumba uone kama inarudi upesi, kisha isugue. Ikiacha unga mkononi, iache. Sponji ngumu kiasi ni bora kuliko laini sana. Ile inayobonyea yote kwa kidole kimoja haitakuwa na chochote cha kutoa siku ya kuanguka.

Mkeka wa mazoezi, wenye unene wa milimita 5 au 6, una vitundu vilivyofungwa, na mkeka wa aina hiyo haunywi maji. Ukiukunja mara mbili unakaribia sentimita 1. Blanketi kuukuu la sufu nalo linafaa kuzuia mikwaruzo, lakini kwa kuanguka linahitaji matabaka mengi. Sishauri kutegemea ile plastiki ya mapovu ya hewa. Ilibuniwa na Alfred Fielding na Marc Chavannes huko New Jersey mwaka 1957, wao wakitaka kutengeneza karatasi ya kupamba ukuta, na baadaye ikapata kazi ya kufungashia mizigo. Kwa safari moja ni nzuri. Kwa begi la kila siku mapovu hupasuka moja baada ya jingine, na mwenye begi haoni.

Juu ya sponji panakaa tabaka la kuzuia maji. Mwavuli uliovunjika mbavu bado una kitambaa kizima. Fumua vipande vyake, viunganishe, vizungushie sponji. Kuna sharti moja: sindano isipite katikati ya kitambaa hiki, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kishikilie kwenye kingo za juu tu, na mishono ya kuunganisha vipande ielekee mdomo wa mfuko, isikae chini.

Mwisho ni kitambaa cha nje, kinachopokea msuguano wa dunia. Kwa nguvu, sijaona kinachoshinda jinzi. Ukitazama upande wa ndani wa suruali ya jinzi utaona weupe zaidi na upande wa nje ubuluu zaidi: nyuzi za mtande zimetiwa rangi, za mshindio hazikutiwa, na ufumaji wa mshazari umeziweka nyingi za mtande juu. Ufumaji huo ndio unaofanya kitambaa kiwe kizito na kigumu kuchanika. Suruali iliyochakaa magotini bado ina mapaja mazima, na masoko yetu ya mitumba, iwe Karume Dar es Salaam, Kongowea Mombasa au Gikomba Nairobi, hayakosi suruali za namna hiyo.

Jinzi ina somo lingine kwetu. Mwaka 1873 Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, walipewa hataza ya kugonga vishikizo vya shaba kwenye suruali za kazi. Davis aliviweka kwenye pembe za mifuko, maana hapo ndipo suruali za vibarua zilipochanikia. Alitazama nguo inaharibikia wapi, akaimarisha hapo hapo. Fanyeni kama yeye kwa mpakato. Lakini vishikizo vyenyewe viondoeni mnapotumia suruali kuukuu, pamoja na vifungo na zipu za chuma, visije vikakwaruza kifaa mlichotaka kukilinda.

Na kanga je? Kanga ni nyembamba, haiwezi msuguano peke yake. Ikipachikwa juu ya turubai laini au jinzi kuukuu, hupendeza na hudumu. Iheshimuni tu wakati wa kukata. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mfuko wa mpakato unatosha kubeba jina zima bila kulikata, mkilipangia nafasi kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Mama anayemshonea binti yake mfuko wa kwenda nao chuoni anaweza kumchagulia neno la kwenda nalo pia.

Hesabu ya mkasi

Sasa tufike kwenye kiini. Chukueni futi ya fundi na mpime vitu vitatu: upana wa mpakato ikiwa imefungwa, kina chake kutoka bawaba hadi mbele, na unene pale ilipo nene zaidi, pamoja na vile viguu vya mpira vya chini. Tuseme mmepata upana sentimita 33, kina 23, unene 2.

Tunashona mfuko wenye mdomo upande mrefu, kwa kipande kimoja kinachokunjwa chini. Kukunja kuna faida: chini hapana mshono, na chini ndipo panapogonga kwanza.

Bitana kwanza. Mzunguko wa kifaa kwa upana ni 33 na 33 na 2 na 2, yaani 70. Kila upande wa mfuko hubeba nusu, 35. Ongeza sentimita 1 ya ulegevu ili kifaa kiingie bila kusukumwa, na sentimita 1.5 ya mshono kila upande. Jumla ni 39. Kwa urefu, tunahitaji kina mara mbili, 46, na unene wa chini, 2, na sentimita 2 za kupita juu ya kifaa kila upande wa mdomo, 4, na mshono wa mdomo, 3. Jumla ni 55. Bitana ni 39 kwa 55.

Wengi hufika hapa wakakata kitambaa cha nje kwa kipimo hicho hicho, kisha wakashangaa kwa nini mfuko umejikunja ndani na mpakato haiingii. Sponji ina unene, na kitambaa kinachozunguka kitu kinene kinahitaji njia ndefu zaidi. Hesabu yake inapendeza kwa sababu haitegemei ukubwa wa kifaa. Ukivisha kitu chochote tabaka lenye unene fulani, mzunguko wa nje huzidi wa ndani kwa karibu mara 6.28 ya unene huo, iwe umevisha mpakato, redio au simu ya kiganjani. Hiyo ni pai mara mbili, ile ile ya darasani. Kwa sponji ya sentimita 1, mzunguko mzima huongezeka kwa takriban sentimita 6.3, na kwa kuwa kila upande hubeba nusu, upana wa kitambaa cha nje unaongezeka kwa takriban sentimita 3. Urefu nao, unaokunjwa chini kwa kona mbili, unaongezeka kwa sentimita 3.

Basi ishikeni kanuni hii: kwa kila sentimita 1 ya unene wa sponji, ongeza sentimita 3 kwenye upana na sentimita 3 kwenye urefu wa kitambaa cha nje. Kwa mfano wetu, kitambaa cha nje ni 42 kwa 58. Sponji yenyewe haina mshono. Nayo iko katikati ya bitana na nje, kwa hiyo ikateni 37.5 kwa 53.5. Mkiongeza kamba ya sponji ya sentimita 1 sakafuni mwa mfuko, jambo ninalolipendekeza sana, ongezeni sentimita 2 kwenye urefu wa kila tabaka, 1 kwa kila upande wa kunjo. Vile viraka vya sponji vya kwenye pembe nne, sentimita 6 kwa 6, vyakaa nje ya sponji na vitakula ule ulegevu wa kitambaa cha nje. Kama jinzi yako ni ngumu, ongeza nusu sentimita kwenye upana.

Chora kwanza kwenye gazeti. Kata gazeti, lizungushie mpakato, tazama. Gazeti likikosewa hakuna hasara.

Mshono

Shona bitana peke yake na nje peke yake, kama mifuko miwili, kila mmoja nyuso zake zikitazamana. Piga bandi kwanza kwa uzi wa rangi tofauti, kisha pitisha cherehani. Kwa merikani na kanga sindano namba 11 inatosha. Kwa jinzi panda hadi namba 16. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba huoza kwa jasho na unyevu. Urefu wa hatua uwe karibu milimita 3. Rudi nyuma hatua chache mwanzo na mwisho wa kila mshono. Mnapofika mahali jinzi imekunjika mara nne, zungusheni gurudumu kwa mkono, sindano isivunjike.

Ili mfuko uwe na sakafu, fungua kila kona ya chini hadi mshono wa ubavuni ulale juu ya mkunjo wa chini. Itatokea pembetatu. Shona kukata pembetatu hiyo: kwa bitana, mstari wa sentimita 2, sawa na unene wa kifaa; kwa nje, sentimita 4, unene wa kifaa na wa sponji za pande mbili. Punguza kitambaa kilichobaki.

Sasa geuza mfuko wa nje, uso uwe nje. Mfuko wa bitana uache ulivyo. Laza lile jalada gumu juu ya bitana, funika vyote kwa sponji, ishikize mahali pachache kwa mkono, bandika viraka vya pembe, valisha kitambaa cha mwavuli, kisha tumbukiza vyote ndani ya mfuko wa nje. Kunja kingo za midomo yote miwili kuelekea ndani na uzishone pamoja kuzunguka. Sponji iishie sentimita 1.5 chini ya mdomo ili cherehani isipite juu yake. Kama ni lazima ipite, weka karatasi laini kati ya sponji na mguu wa cherehani; sponji huugandia mguu na mshono hujikunja. Karatasi huchanwa baadaye.

Kwa kufunga, ulimi wa kitambaa unaoangukia mbele kwa sentimita 10 huzuia mvua kuliko zipu, maana maji huteremka juu yake na kudondoka. Kifungo kiwe cha mbao, cha kifuu au cha plastiki, na kikae upande wa chini wa kifaa, mbali na skrini. Anayetaka zipu achukue ya plastiki na ashone ulimi wa bitana nyuma ya meno yake. Mfuko wa chaja ushonwe peke yake, au upachikwe nje upande wa chini wa kifaa. Kamwe usipachikwe juu ya kifuniko.

Na asiye na cherehani? Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake ya mshono wa nyuzi mbili mwaka 1846, na Isaac Singer ya kwake mwaka 1851, wote Marekani. Kabla ya hapo karibu dunia nzima ilivaa nguo zilizoshonwa kwa mkono, na meli zilivuka Bahari ya Hindi kwa matanga yaliyoshonwa kwa mkono. Tumieni mshono wa kurudi nyuma: sindano hutangulia hatua mbili, hurudi moja. Pakeni uzi nta ya nyuki usijisokote. Kazi itachukua jioni mbili tatu badala ya saa chache, na mshono utadumu.

Mfuko ukiisha, msiujaribu kwa mpakato. Tafuteni ubao wenye ukubwa na uzito unaokaribia wa kifaa. Bandikeni donge dogo la unga wa chapati kwenye pembe moja, tieni ubao mfukoni, uangusheni kutoka mezani pembe hiyo ikiwa chini, kisha tazameni donge limebapa kiasi gani. Rudieni bila mfuko. Tofauti ya madonge hayo mawili itawaonyesha kwa macho zile hesabu nilizotaja mwanzo.

Na adabu za matumizi: zima kifaa kabisa kabla ya kukitia mfukoni. Kilichoachwa kimelala huweza kuamka ndani ya mfuko mnene na kujipasha joto, na joto hudhoofisha betri ya lithiamu. Mpakato zenye diski ya sahani zinazozunguka, kwa kawaida mizunguko 5,400 kwa dakika, huumia zaidi zikitikiswa zingali zinazunguka. Msichaji kifaa kikiwa ndani ya mfuko. Na kikinyeshewa, mfuko uvuliwe na uanikwe kivulini hadi sponji ikauke ndani.

Mkono na elimu

Ndugu zangu, sikuja kuwafundisha kubana matumizi peke yake. Nina jambo ninaloliamini.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zisitenganishe kichwa na mkono. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya Tanzania, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ushonaji umo katika fani zake. Bado, katika mawazo ya wengi wetu, chumba cha kompyuta na chumba cha cherehani ni vyumba vya watoto wawili tofauti: mmoja aliyefaulu na mmoja aliyebaki. Mfuko huu unaukana mgawanyo huo. Ndani yake mna fizikia ya kuanguka, mna pai, mna kemia ya sponji, mna ufumaji, na mna historia ya biashara ya Unguja. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mzunguko wa duara ni pai mara kipenyo, kisha akaona jinzi yake inatosha kwa sababu aliongeza sentimita 3, hataisahau pai tena.

Utamaduni wa kipimo tunao. Kofia ya viua ya pwani hushonwa kwa kuzingatia mzingo wa kichwa. Duara la juu na ukanda wa ubavuni lazima vikutane bila kukunjana, na vitundu vyake hutungwa kwa sindano kimoja kimoja. Anayeshona kofia hiyo amekwisha kuijua ile kanuni ya mzunguko mikononi mwake, hata kama hakuna mwalimu aliyemwandikia ubaoni. Na kwa kuwa kanzu zetu zimeshonwa na wanaume barazani na kofia zimeshonwa na wanawake majumbani, hakuna mvulana wa kuniambia sindano si yake, wala msichana wa kuambiwa kompyuta si yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu wa kompyuta, katika wiki ya kwanza ya somo, kabla ya kuwasha chochote, wapeni wanafunzi futi ya fundi wakipime kifaa na kukishonea mfuko. Mtoto aliyekishonea kifaa nguo hatakitupa mezani. Mafundi wa barazani, andikeni kibao kwamba mnashona mifuko ya mpakato kwa kipimo. Mteja atakuja na kifaa chake, mtakipima mbele yake, na hapo mtampa kitu ambacho duka kubwa haliwezi kumpa. Wazazi, mkishatoa fedha za upatu kununua kifaa, toeni na jioni moja ya kukaa na mtoto mshone pamoja, suruali kuukuu ikiwa mezani na gazeti limechorwa. Anayejua kinga ya kitu chake imetengenezwaje anajua pia lini imechoka, na anaweza kuitengeneza upya bila kumsubiri mtu. Kujitegemea kwa maana hiyo ndiko nilikokuja kutetea hapa leo, na kunaanza kwa sentimita zilizopimwa sawasawa.